Mkono Mmoja Ubaki

Leo nimenunua samli sokoni Kibuye. Nilipofungua kopo jikoni, harufu yake ikanirudishia siku ya mwisho niliyomwona mama akikandwa.

Nyanya ndiye aliyekanda watu. Wauza samaki walimjia na shingo zilizokazwa na kubeba karai kichwani, naye akawapaka samli vuguvugu, akafumba macho na kutafuta. Hakuuliza panauma wapi. Sharti lake lilikuwa moja: mkono mmoja ukihama, mwingine ubaki mwilini mpaka kazi iishe, ili mtu asijione ameachwa.

Siku hiyo mama, bintiye, alilala mkekani, nami nikashika kopo. Nyanya alimaliza mgongo, akamgeuza, akafika tumboni. Hapo vidole vikagusa kitu kigumu, vikasimama, vikarudi, vikabonyeza tena. Kisha akainua mikono yote miwili.

“Umemaliza, Mama?” mama akamuuliza.

Mimi nililijua sharti lake, nikamjibia nyanya kwa maringo: “Amemaliza!”

Mama akacheka, akajifunga leso. Nikafunika kopo, nikakimbilia mlangoni nikacheze. Nilipogeuka, nyanya alikuwa bado amepiga magoti, mikono hewani, samli ikigandia vidoleni.