Mahindi Yaliyopandwa Kabla ya Mke Mkubwa

Mwaka ule mama yangu alipanda mahindi kabla ya mke mwenzake, na boma letu lote huko Pap Onditi likapiga kelele. Kwetu mke wa kwanza ndiye anayetangulia kutia mbegu ardhini, wa pili anafuata. Mama alikuwa wa pili, na sheria hiyo aliishika tangu aolewe. Asubuhi moja akachukua jembe, akapanda nusu ya shamba lake, na mke mkubwa hata gunia la mbegu hajalifungua.

Nilipigiwa simu Kisumu, ninakouza samaki wa kukaanga. Baba mdogo, anayeshika boma tangu baba afe, akaniambia, "Mama yako ametuletea chira." Chira ni laana ya aliyevunja mwiko: anakonda, akili inamwacha, anakufa. Na kweli, haukupita muda mama akaanza kutia chumvi kwenye chai na kuuliza baba ameenda wapi. Basi! Wakapata ushahidi wao.

Ai, watu wa boma, mlikuwa na macho ya nini? Mama hakuchanganyikiwa kwa sababu alipanda. Alipanda kwa sababu alikuwa ameshaanza kuchanganyikiwa. Kabla ya hapo alishapotea akitoka sokoni, njia aliyoipita tangu mimi niko mgongoni mwake, na wao wakacheka, ati uzee huo.

Wakamchemshia manyasi, dawa ya miti ya kuondoa chira. Baba mdogo akaamuru aache vidonge vya presha, ati dawa ya hospitali na ya kienyeji haziwezi kukaa tumbo moja. Vidonge alivyomeza miaka yote! Niliposikia nilifunga biashara, nikaenda. Nikamkuta ameketi mlangoni, mdomo umepinda, mkono wa kulia umelala tu pajani. Yawa, nililia kwa hasira.

Hospitalini daktari alinionyesha picha ya kichwa chake. Presha imeharibu mishipa, akasema, damu haifiki vizuri kwenye ubongo, na sehemu zinazoikosa zinakufa kidogo kidogo. Alishapata viharusi vidogo ambavyo hakuna aliyevitambua. Hiki kikubwa kilimpata baada ya kuacha vidonge.

"Kilichopotea hakirudi," akasema. "Tulinde kilichobaki."

Nilimpelekea baba mdogo maneno hayo. Akatikisa kichwa pole pole. "Mwanangu, daktari ameona mishipa. Lakini ni nani aliyeiharibu?"

Niliinuka nikaondoka. Ningefungua mdomo ningemtukana, na yeye kwangu ni baba. Lakini sijamsamehe, na sina haraka.

Sasa mama anaishi nami, na vidonge namtilia mdomoni mwenyewe. Jina langu limemtoka. Kaburi la baba limemtoka. Ananiita "mama" tu, kama mteja anavyoniita pale kwenye karai la mafuta. Sheria yao ndiyo haikumtoka. Mvua ya kupanda ikianza kugonga bati, anainuka, anatafuta jembe kwa ule mkono mmoja mzima, halafu anafika mlangoni na kusimama. Anaogopa.

"Mama," ananiuliza, "mke mkubwa ameshapanda?"

Namwambia bado.

"Basi wacha nimngoje," anasema, na kurudi kuketi.