Jina la Baba Kwenye Gwaride

Kila asubuhi maziwa yalipoanza kupanda sufuriani, wifi yangu Kunduz aliyaambia, "Haya basi, mmefika, mmefika," kisha akayaepua. Mtu mwingine yeyote kijijini kwetu angeyaambia "Tokto!", yaani simama, kama tunavyomwambia ng'ombe, farasi, au mtoto anayekimbilia mtaroni. Wifi hakuweza. Baba yangu, ambaye kwake ni baba mkwe, anaitwa Tokto.

Jina hilo alipewa na bibi. Bibi alizaa wavulana watatu, wote wakafa kabla ya kutambaa, na wa nne alipokuja akamwita Simama ili kifo kisikie. Kifo kilisikia. Baba sasa ana miaka sitini na miwili, meno yake yote, na sauti ya kufukuza mbwa mwitu.

Kwetu mke wa kijana hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno lolote lenye sauti hiyo. Mama naye alipitia huko huko. Babu alikuwa anaitwa Temir, yaani chuma. Alikufa miaka ishirini iliyopita, na mpaka leo mama chuma chochote anakiita "kile kigumu". Kwa hiyo Kunduz alipoolewa hakuna aliyemfundisha sana. Kwa dereva wa basi alisema, "Nimefika, kaka." Kumsimamisha farasi, alivuta lijamu tu. Majirani walimsifu mama kwamba amepata mkamwana mwenye adabu, na mama alizipokea sifa kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemshona Kunduz.

Mkamwana ndilo lililokuwa jina lake nyumbani. Sijawahi kumsikia baba akisema "Kunduz".

Sasa, baba alikuwa askari zamani, enzi za Warusi. Miaka miwili alimwendesha jenerali kwenye gari, na miaka arobaini ametusimulia. Ukutani juu ya televisheni alipigilia msumari siku kaka yangu Kubat, mume wa Kunduz, alipozaliwa. Msumari ule ulikuwa wa kutundika picha ya Kubat akiwa ofisa. Kubat alipopimwa jeshini wakamwambia nyayo zake ni bapa, akaenda Urusi kuendesha teksi, kazi inayofanywa ukiwa umekaa. Msumari ukabaki.

Kunduz alikuwa mwaka wa kwanza chuoni mjini, akisoma hesabu. Chuo kikatangaza kozi ya uofisa kwa wanafunzi, na safari hii wasichana wanaruhusiwa. Siku nne darasani, Alhamisi kambini, na baada ya miaka mitatu, ukifaulu mtihani wa gwaride, unatoka na nyota za luteni. Baba alivaa kofia yake nyeupe ya sufu, ile ya harusi na misiba, akampeleka mwenyewe kujiandikisha.

"Nyumba hii itatoa ofisa," alisema aliporudi.

"Na nani atakamua ng'ombe?" mama akauliza.

"Ofisa atakamua kabla hajaondoka."

Ikawa hivyo. Wifi aliamka, akainama mbele ya baba na mama kama desturi, akakamua, akachemsha chai, na wakati birika linaunguruma alishona kitambaa cheupe ndani ya kola ya sare yake. Kila siku kipya, hata siku isiyo Alhamisi. Nilimuuliza kwa nini.

"Mkono usisahau," alisema.

Halafu, akiwa anakata uzi kwa meno, akaniambia jambo ambalo hakumwambia mtu mwingine nyumbani. "Wifi, anayeshika nafasi ya kwanza kwenye hesabu anabakizwa kambini, anawafundisha mahesabu watu wa mizinga. Anapewa chumba."

"Kikubwa?"

"Sijui. Kina ufunguo."

Nyumbani kwetu milango haina funguo. Mama huingia popote akiwa na ufagio.

Miaka miwili ilikwenda vizuri. Amri za gwaride zilikuwa bado za Kirusi, na kwa Kirusi wifi aliweza kusimamisha hata treni. Aliongoza platuni ya wanafunzi ishirini na wanane, wavulana wengi wao, na walimwogopa. Mwaka wa tatu agizo likatoka: kuanzia sasa amri zote ni kwa lugha yetu. Baba alilisikia kwenye redio wakati tunakula, akapiga meza kofi.

"Sasa ndiyo jeshi letu!"

Mama aliweka bakuli chini polepole. Akamtazama wifi. Wifi alikuwa akitazama mkate.

"Mna nini?" baba akauliza. "Si habari njema?"

Mama alimsogezea mkate, maana kumjibu kungehitaji kutaja jina lake.

Alhamisi iliyofuata nilipeleka maziwa mjini, nikapita kwenye uzio wa kambi. Platuni ilikuwa inaelekea mwisho wa uwanja, ambako unapita mtaro wa maji ya mashamba. Sauti ya wifi ilikuwa safi: "Platuni, mbele tembea! Kulia geuka!" Mtaro ukakaribia. "Platuni..." akasema. Wakangoja neno la pili huku wanatembea. Nilimwona anafungua mdomo, anafunga, anafungua.

"Platuni... mmefika!"

Maziwa yangeelewa. Jeshi halikuelewa. Mistari mitatu ya mbele iliingia majini ikiwa imenyoosha mikono vizuri kabisa.

Meja Osmonaliev, mkufunzi wao, alikuja mbio. Ni mtu mfupi mwenye masharubu kama brashi ya viatu.

"Kuruta! Hiyo ni amri ya jeshi gani?"

"Ya nyumbani kwetu, Meja."

"Nyumbani kwenu mnasimamishaje watu?"

"Hatuwasimamishi, Meja. Mimi, yaani. Siwezi."

Akamweleza kwa kuzunguka, kwa sababu hata kueleza kulihitaji neno lile. Meja alicheka kidogo, kisha akafuta masharubu.

"Mke wangu hajamtaja baba yangu miaka kumi na minane," alisema. "Lakini mke wangu haongozi platuni. Sikiliza. Amri ina sehemu mbili. Ya kwanza inataja nani. Ya pili inataja afanye nini. Ukikosa ya pili, wanaingia mtaroni. Ukikosa ya kwanza, hakuna anayetii, kwa sababu hakuna anayejua kama ni yeye. Mtihani ni baada ya wiki tatu. Ulitamke, au nikufute kwenye orodha, na chumba apewe mwingine."

Nyumbani hadithi ilifika kabla ya viatu vilivyolowa kukauka. Baba alizunguka jiko.

"Aseme 'ganda'! Aseme 'tulia'! Maneno yamekwisha?"

Akaenda mwenyewe kambini kumwomba meja abadilishe kitabu cha amri. Alirudi amenuna. Kitabu hakibadiliki kwa ajili ya mtu mmoja, hata kama aliwahi kuendesha gari la jenerali.

Siku mbili baba aliutazama msumari. Siku ya tatu, wakati wa chai, akakohoa.

"Nimeruhusu," alisema.

"Umeruhusu nini?" mama akauliza.

"Alitamke. Pale uwanjani tu. Lakini asiwe ananifikiria mimi."

"Ataachaje kukufikiria? Neno lina sura yako."

"Mama yake Kubat, mimi ndiye mwenye jina, na nimeruhusu. Mkamwana, umesikia?"

"Nimesikia, Baba," wifi akasema, akamjazia bakuli.

Kuruhusiwa na kuweza ni vitu viwili. Wiki mbili wifi alikwenda zizini kufanya mazoezi na kondoo. Nilikuwa natoa samadi, kwa hiyo nilisikia. Siku ya kwanza alifika "To" akakohoa. Siku ya nne alilinong'ona lote, akajiziba mdomo kwa mkono, akatazama mlango. Kondoo waliendelea kula. Siku ya kumi alilitoa kwa sauti, na kondoo mmoja akageuka. Wifi alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani.

Siku ya mtihani baba aliwaalika wazee sita, akachinja kondoo asubuhi, akamwambia mpiga picha wa mjini aje na fremu. Viti vya wazazi vilipangwa mbele ya jukwaa. Baba alikaa mstari wa kwanza, kofia nyeupe, mikono juu ya fimbo, na pembeni yake rafiki yake Sadyrbek, ambaye walisoma pamoja na ambaye kwa miaka yote hiyo ameisikiliza habari ya jenerali.

Platuni ya wifi ilikuja ya mwisho. Kola yake ilikuwa nyeupe. Akawageuza kulia, kushoto, akawaleta moja kwa moja mbele ya wazazi, hatua ishirini, kumi na tano, kumi. Mama aliushika mkono wangu.

"Platuni!" Mguu wa kushoto ukashuka. "TOKTO!"

Neno liligonga ukuta wa bweni likarudi. Miguu ishirini na minane ilipiga chini kama mguu mmoja.

Na baba akasimama.

Alisimama wima kabisa, mikono kwenye mishono ya suruali, fimbo imeanguka. Sijui ni askari aliyeamka ndani yake au ni mtoto wa bibi aliyesikia anaitwa. Uwanja mzima ulimtazama. Meja alimtazama. Sadyrbek akamvuta koti.

"Kaa, Tokto, si wewe."

Walicheka mpaka wale wanafunzi, ambao hawaruhusiwi hata kupepesa. Mpiga picha, mtu mwenye bidii, alipiga picha wakati ule ule.

Wifi alifaulu. Nafasi ya kwanza hesabu, ya kwanza gwaride. Wazee walikula kondoo wetu wote na kila mmoja aliyeomba chumvi alisema, "Tokto, mkamwana anakuita!" Baba alicheka nao. Mimi nilikuwa napeleka maji ya kunawa, niliona anacheka na mdomo tu. Kesho yake sokoni watoto walipiga gwaride nyuma yake. Kesho kutwa muuza kamba mmoja alipita nyumbani kwetu, akamwona baba, akasimama wima bila kuambiwa, akatoa saluti.

Siku ya tatu baba aliacha kuzungumza na wifi. Alizungumza kupitia mama, ingawa tumekaa meza moja ya chakula.

"Mwambie mkamwana kwamba ofisa amekwisha kuwa, na watu wameona. Inatosha. Aende kwa meja arudishe karatasi za uofisa. Shule ya hapa kijijini inataka mwalimu wa hesabu."

"Amesema urudishe karatasi," mama akasema.

"Nimesikia, Mama. Lakini si aliniruhusu?"

"Mwambie nilimruhusu kulisema. Sikumruhusu lisikike."

Wifi alitoka uani akampigia Kubat. Simu ilikuwa na sauti kubwa, ng'ombe wote walisikia.

"Fanya wanavyosema," kaka alisema.

"Akina nani?"

"Wote, mke wangu. Usigombane na mtu."

Asubuhi yake wifi aliamka kama kawaida. Alikamua. Alishona kitambaa cheupe. Nilikuwa naosha mabakuli. Maziwa yalianza kupanda, naye akayatazama, mikono mapajani.

"Tokto," aliyaambia kwa upole.

Maziwa hayakumsikia. Yakamwagika jikoni, moto ukalia, na mama akapiga kelele kutoka chumbani kuuliza nini kinaungua. Wifi akaepua yaliyobaki, akapika chai. Aliingia ndani, akainama mara tatu mbele ya baba, akammiminia bakuli la kwanza, nusu tu, kama inavyotakiwa kwa mtu unayemheshimu. Baba alilipokea bila kumtazama. Alidhani ameshinda. Alichukua hata kipande cha mkate.

Kisha wifi akatoka na mfuko wake wa kijani wa kambini, umejaa, begani. Aliniwekea mkono kichwani alipopita. Baba alimwona dirishani akiwa tayari kafika langoni, na mfuko haukuwa wa kwenda kurudisha karatasi. Akakimbia mpaka kizingitini bila viatu, bakuli mkononi.

"Wewe!" aliita. "We... mkamwa..." Majirani walikuwa wanatoa ng'ombe, wote wakageuka. Baba akavuta pumzi, na kwa ile sauti ya kufukuza mbwa mwitu akapiga kelele:

"Tokto!"

Ng'ombe wa jirani walisimama. Muuza kamba alisimama. Mbwa wetu alikaa.

Wifi alikuwa barabarani, mguu wa kushoto kwanza, hatua za gwaride. Hakuna aliyekuwa ametaja nani. Alipita duka, akapita daraja la mtaro, akapinda kuelekea mjini bila kugeuka, na hajarudi.