Kitunga cha Baba

Udongo wa kichuguu ukilowa hutoa harufu kali ya uyoga na ya chuma kilicholala nje, na kila nikiinusa narudi Alunguli, kwenye boma la wazee. Usidhani ni jumba. Lilikuwa tuta refu la udongo lililozunguka kilima, na handaki kubwa mbele yake, vilivyochimbwa na wazee wetu zamani za misafara ya pembe za ndovu ili maadui wasiwafikie. Mvua za Maniema hazina adabu, zililimega tuta kila mwaka. Kwa hiyo mwisho wa kiangazi kila mtu wa mtaa wetu alipeleka kitunga kimoja cha udongo wa kichuguu, akaumwaga juu, akaukanyaga mpaka ushikamane. Aliyekuwa safarini alipelekewa chake na ndugu, na jina lake likatajwa wakati wa kumwaga. Wafu peke yao ndio hawakuwa na kitunga.

Baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Vita vilipoanza alikuwa ameondoka na treni kuelekea Kongolo, na njia ikakatika nyuma yake. Mwaka ule mama alinipa vitunga viwili nivipeleke kwa zamu, changu na cha baba, nami nikaringa kweli kweli. Nilitamka jina la baba kwa sauti kama mwalimu anayeita wanafunzi. Mwaka uliofuata watu walikuwa wachache. Wengine walikimbilia msituni upande wa Lubutu, wengine hatukujua wamekwenda wapi, na rafiki zangu wote walikuwa miongoni mwao. Jioni nilikaa peke yangu juu ya tuta, nimetega sikio ng'ambo ya mto, upande wa Kasuku kwenye stesheni, labda nitasikia honi. Nilisikia vyura, na siku nyingine risasi. Upweke kama ule sikuupata tena, hata nilipokuja kuzika watu.

Shangazi, dada yake baba, alichoka kabla yetu. Asubuhi moja, kitunga kikiwa tayari mlangoni, alimwambia mama:

"Wifi, acha basi. Mutu asiporudi miaka yote hii, njo amekufa. Tumulilie, tumalize."

Mama hakupandisha sauti. "Mayiti iko wapi? Unionyeshe, nitalia. Leo mutoto anapeleka kitunga ya baba yake."

Nikakipeleka. Siku ile nilimpenda mama sana, na nilimwogopa pia. Vita vikaisha, treni zikarudi, zikawa zinakuja bila baba. Shangazi akafa, mama naye akafa, na hakuwahi kuniambia niache.

Kiangazi hiki nilivuka mto kutoka Kasuku, ninakoishi sasa, nikapanda pikipiki, kitunga kikiwa mapajani, dereva akinicheka kwamba natembeza udongo kama mtoto mchanga. Boma sasa limezungushiwa waya, nyasi zimekatwa, na kibao kinasema ni urithi wa taifa. Nilifurahi, sisemi uongo. Lakini mlinzi, mama wa makamo, alinizuia langoni.

"Hawaongeze udongo tena, mama. Na hawaondoe hata kidogo. Njo amri ya wakubwa."

Nikamweleza kitunga ni cha nani. Akakitazama, kisha akaniuliza kwa upole: "Baba yako iko wapi?"

Nikakikumbatia kitunga, nikageuka.

Nilirudi nacho. Kiko mlangoni kwangu, udongo umekauka na kupasuka, na jirani ananishauri nipande humo lengalenga, mchicha wa kwetu. Tuta lile halitabomoka tena. Wataalamu wanalitunza vizuri kuliko sisi na vitunga vyetu, wala siwalaumu, ila halimhitaji mtu yeyote sasa. Mimi ndiye sijui nifanye nini. Nikiumwaga udongo huu mahali pengine popote nitakuwa nimesema baba amekufa, na kwetu hakubaki hata mmoja wa kulia nami.