Likizo ya Dada Maskati

Dada yangu alikuja Maskati mara moja tu wakati mama yetu yu hai. Alikuja mwisho wa mwaka 1968, kwa likizo ya pwani, kama wanavyofanya wenye nafasi wanaokwenda kupunga upepo nchi za watu. Aliyemwalika ni mama. Aliyeandika barua za mwaliko ni mimi, na mengi niliyoyaandika humo hayakuwapo.

Tulitoka Unguja mwaka 1964, baada ya mapinduzi, baba, mama na mie. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Dada alibaki. Alikuwa keshaolewa na mwalimu wa skuli, na ana mimba changa, na mumewe alisema hatoki. Yeye hana kwao kwengine. Mama alimwambia dada ajifungue kwa salama kisha atufuate, na dada akaitikia. Tuliagana kama watu watakaoonana baada ya mfungo mmoja.

Tulipanga vyumba viwili Matrah, ubavuni mwa Maskati, nyuma ya soko. Baba alijua Kiingereza, akapata ukarani kwa wakala wa meli. Mama hakujua Kiarabu ila cha kusomea Kurani. Akenda kisimani wanawake wakamsemesha, alikuwa akitabasamu tu, mpaka wakadhani ni mjinga. Akirudi nyumbani alitua mtungi, akakaa kizingitini na kunambia kwamba Unguja yeye ndiye aliyekuwa akiitwa kwenye kila harusi kwa sababu ya maneno yake, na hapa hana hata neno la kuombea chumvi. Mie nilikipata Kiarabu upesi, kama watoto wanavyopata. Lakini skuli ya wasichana haikuwapo, na kuandika kwangu kote kulikuwa ni hizo barua. Mama hakujua herufi za kizungu, kwa hivyo yeye alisema, mie nikaandika, kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana.

Barua zilikuwa zikifunguliwa njiani. Tuliziona zilivyobandikwa upya, gundi imekauka pembeni. Mama akaogopa kumwambia dada ahame. Akafikiri wiki nzima, kisha siku moja akanambia nimwandikie dada aje kutembea. Aje kupumzika, aone bahari ya huku, apate hewa. Alisema, nani atakayemkatalia mtu likizo? Akishafika, basi, kafika.

Tabu ilikuwa moja: mie nitaisifu vipi bahari ya Matrah? Nyumba zilikuwa zimekaribia maji, na pale penye mchanga walianika dagaa, mbuzi wakija kuwala. Nyuma yetu milima ya mawe meusi, haina hata jani, ikivuta joto mchana kutwa. Wanawake wa mtaa wetu hawakuwa wakenda pwani ila kwa haja. Lakini baba alikuwa ameleta kutoka afisini kalenda ya mwaka uliokwisha, ya kampuni ya meli, na kila mwezi ulikuwa na picha ya mji wa pwani. Mmoja wa Italia, mmoja wa Lebanoni, mmoja wa Bara Hindi, mingine nikiisoma majina bila ya kujua iko upande gani wa dunia. Kulikuwa na nyumba nyeupe, miavuli ya mistari, wazungu wamelala mchangani kama waliochoka sana. Nilimuuliza baba kama kweli watu wanapanda meli siku nyingi kwa ajili ya kulala mchangani tu. Akasema kweli, kisha wanarudi kwao. Hiyo ndiyo likizo, lazima urudi.

Basi nikaanza kuchukua. Nilichukua mchanga wa picha ya Januari nikautia Maskati. Nilichukua miavuli, na mkahawa wenye viti vya ukindu chini ya mitende, na mzee anayeuza barafu ya maziwa. Niliandika kwamba jioni watu hutembea na watoto wao ufukweni, na kwamba mama siku hizi hana tena maumivu ya magoti kwa sababu ya maji ya chumvi. Nilipomsomea mama, akanambia niongeze na madafu. Nikaongeza. Maskati nzima sikupata kuliona dafu.

Dada alijibu kwa furaha. Alikuwa amezaa mtoto wa kiume. Kila barua aliuliza jambo: je, maji ni ya baridi? Je, mwanamke anaweza kuoga baharini bila ya kutazamwa? Nilimjibu kwamba kuna pahala pa wanawake peke yao. Naliona haya kidogo pale mwanzo. Baadaye nilizoea, na nikawa nnaingoja Ijumaa, kwa sababu siku hiyo ndiyo niliyokuwa nikiishi mji mzuri.

Ilichukua miaka minne. Siku ile meli ilipotia nanga nje, baba alikwenda kwa mashua kumpokea, na mie na mama tukabaki mlangoni. Dada alikuja amekonda, ana sanduku moja na pakacha la nazi. Hakuwa na mtoto. Mama alimtazama nyuma yake, akamtazama baba, kisha akamkumbatia dada na hakuuliza. Nafikiri hakutaka kusikia.

Jioni ile dada alifungua sanduku. Alikuwa ameshona magauni mawili ya pamba mapana, yenye mikono mirefu, moja lake na moja langu, ya kuogea baharini. Aliyakunjua kitandani akaniuliza pahala pa wanawake pako wapi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilisema ni mbali kidogo, nikatoka nje nikajishughulisha kwa kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Alijua upesi. Siku ya pili alipanda darini akaona bandari yote, dagaa na punda na milima. Alishuka, akakaa karibu yangu, hakunilaumu. Aliniuliza tu mkahawa wa viti vya ukindu niliuona wapi. Nikamwonesha kalenda. Aliifunua mwezi kwa mwezi, akicheka kidogo kila alipotambua kitu, na alipofika mwisho akanipapasa kichwani akasema hati yangu imekuwa nzuri.

Baba ndiye aliyeona haya kuliko sisi sote. Akamwomba mkubwa wake gari ya Landrova, akapata ruhusa, tukenda Qurum. Wakati ule Qurum palikuwa na kijiji cha wavuvi, mikoko, na ufukwe mrefu mtupu ambao jicho halifiki mwisho wake. Leo watu hupita pale kwa magari yao wakenda kwenye mahoteli. Siku ile tulikuwa peke yetu. Ulikuwa wakati wa baridi, jua halichomi, na bahari imetulia kama sahani. Baba alikaa garini na gazeti, ametupa mgongo. Mama alitandika mkeka akatoa chila za mchele na samaki wa kukaanga. Mie na dada tukavaa magauni yetu tukaingia majini, yakavimba kama vitumbua, tukacheka mpaka nikanywa maji. Mama naye akacheka, peke yake pale mkekani. Tangu Unguja sikuwahi kukisikia kicheko kile.

Tulipotoka, nywele zetu zinachuruzika, mama akamuuliza dada kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza khabari ya chakula, mtoto atafuata lini na nani.

Dada alisema mtoto hatafuata. Alipewa ruhusa ya kusafiri kwa dhamana. Mumewe ametia sahihi kwamba atarudi, na mtoto amebaki na bibi yake, mama yake mume. Asiporudi kwa meli iliyoandikwa, mumewe atachukuliwa, na yeye hajui mtoto atalelewa na nani. Alisema yote haya huku anakamua upindo wa gauni lake. Mama aliendelea kumega chila vipande vidogo vidogo, akavipanga sahanini, na hakuna aliyekula.

Siku mbili kabla ya meli, dada alitafuta pasi yake ya kusafiria, hakuiona. Alitoa kila kitu sandukuni. Alitazama chini ya kitanda, chini ya mkeka, ndani ya vyano vya mchele. Mama alimsaidia kutafuta. Alitafuta kwa bidii, anainua hili anaweka lile, na mie nilikuwa nimesimama mlangoni nikimtazama, kwa sababu asubuhi ile nilimkuta anashona mto, na mama hakuwa mtu wa kushona mito asubuhi.

Baada ya adhuhuri mama alikwenda kwa jirani. Dada akaja jikoni nilipokuwa nikipepeta mchele. Akakaa chini kabisa, mgongo ukutani.

"Mdogo wangu," aliniambia, "unajua ilipo."

Nilisema sijui. Hakubishana nami. Akaanza kunisimulia mwanawe: kwamba halali mpaka ashike sikio la mtu, na kwamba usiku wa mwisho kabla ya safari alimwambia anakwenda pwani mara moja tu. Hakulia. Aliyelia ni mimi.

Nilitaka abaki. Lazima niseme hivyo. Kwa miaka minne nilikuwa sina wa kusema naye ila mama na huzuni yake, na kwa siku ishirini nilikuwa na dada. Kama ningekaa kimya siku mbili tu, meli ingeondoka. Nilisimama, nikachukua kisu cha samaki, nikaingia chumbani kwa mama. Nilikata mshono. Pasi ilikuwa katikati ya usufi, imefungwa kwa kitambaa cha kichwa cha mama. Nilimpa dada pamoja na kitambaa chake. Mto ule niliuacha pale pale ulivyo, wazi, sikuwa na uso wa kuushona tena.

Mama aliporudi aliuona usufi sakafuni. Hakupiga kelele. Aliuokota wote, kidogo kidogo, akaurudisha ndani. Kisha akafunga mlango wa chumba kwa ndani.

Hakutoka siku ile wala ya pili. Asubuhi ya safari baba alisimama ukumbini na sanduku, mashua inangoja. Dada alikwenda mlangoni kwa mama, akaweka paji la uso juu ya ubao.

"Mama, mie nnakwenda. Nnaomba radhi zako."

Baba akaliweka sanduku chini, akaliinua tena. Dada hakuondoka. Akasema tena maneno yale yale, taratibu zaidi.

"Radhi nimeshakupa," mama akasema kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa chini, karibu na sakafu; alikuwa amekaa upande wa pili wa mlango ule ule. "Nenda kwa mwanao."

Lakini hakufungua. Dada aliungoja mlango mpaka baba alipomgusa bega.

Tangu siku ile mama hakusema nami mpaka Ramadhani ya mwaka uliofuata. Alinipa chakula, alinisuka nywele, alinifunika nilipokuwa na homa, yote bila ya neno. Ijumaa zikipita, hakuna barua. Mie niliandika peke yangu, baba akinipelekea. Nilimwandikia dada dagaa na mbuzi na joto la milima. Yeye alinijibu mara mbili kwamba alifika salama na kwamba mumewe hakuguswa. Mtoto alimnunia siku tatu kisha akamsamehe. Niliziacha barua zile juu ya mkeka wa mama wa kusalia. Nilizikuta zimefunguliwa na kukunjwa upya, ingawa mama hakuweza kuzisoma.

Siku moja ya Ramadhani tulikuwa tunakaanga sambusa kabla ya magharibi. Mama akasema, macho yake kwenye mafuta:

"Ulifanya ilivyopasa. Najua. Lakini usinitake nikwambie nimekusamehe."

Nikasema sawa, mama. Akanipa chano nipange. Kuanzia hapo alizungumza nami kama zamani, hata alinicheka nikikosea kusuka ukili wa mkeka, na siku hizo ndizo nilizomjua zaidi kuliko zote. Lile jengine hatukulirudia.

Mwanzoni mwa 1970 alianza kuvimba miguu. Tabibu aliyemtazama alisema ni moyo. Dawa zilikuwa chache, na mama alizinywa kama mtu anayemridhisha mtoto. Alifariki mwezi wa Juni, asubuhi, anangojea chai. Walionifuta machozi ni wale wanawake wa kisimani. Ndio waliokuja wa kwanza, na mmoja wao akasema marehemu alikuwa na kicheko kizuri sana, ingawa yeye hakuwahi kuelewa mama alichokuwa akisema.

Wiki chache baadaye mambo ya nchi yakabadilika. Sultani mpya alishika utawala, vijana wakapiga ngoma sokoni, na redio ikawaita walioko nje warudi. Wenzetu wa Unguja wakaanza kufika, familia kwa familia, kila meli. Baba alikwenda bandarini kila ilipotia nanga moja. Alisema ni kazi ya afisi.

Barua ya msiba niliiandika mimi, nani mwengine? Ilinichukua Ijumaa tatu. Niliandika mama alivyofariki, na ni nani waliomwosha. Jibu lilikuja baada ya mwezi, nusu karatasi. Dada aliniuliza jambo moja tu: siku ile alipoondoka, mama alikuwa akilia mle ndani, au alikuwa kimya?

Baba aliisoma, akanirudishia. Alisema hilo nnalijua mwenyewe. Na kweli nilikuwa nnalijua, kwa sababu baada ya mashua kuondoka nililala chini ukumbini, sikio langu chini ya mlango, mpaka alasiri. Nilimwandikia nilichokisikia, na safari hii sikuongeza kitu.