Nililala Nunguni, Wakaniona Migwani

Video yenyewe ni fupi. Ukiitazama bila sauti utaona ukumbi wa shule ya chekechea, picha za wanyama zimebandikwa ukutani, na watu wazima wamelala chali kwenye mikeka, shuka zimewafunika hadi shingoni, macho yamefumbwa. Wa pili kutoka dirishani ni mimi. Ukiweka sauti utamsikia mwandishi wa habari akinong'ona, kana kwamba tungeamka tumdhuru. Chini kuna maandishi mekundu: WANAJIZOESHA KUFA? Nimeifikiria sana ile alama ya kuuliza. Nadhani aliiweka ili asishtakiwe, lakini kuna siku naamini alikuwa anauliza kweli.

Yalikuwa mafunzo ya kujiendeleza. Nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi kwa mama, Migwani. Nilituma maombi ya kazi hadi nikaacha kungoja majibu, na nilikuwa nimefika mahali ambapo kabla ya kuingia dukani nilisimama nje nikifanya mazoezi ya salamu. Rafiki niliyesoma naye akanialika kwao Nunguni, ambako mwanamke mmoja aliyewahi kuuza bima alikuwa akifundisha vijana kujiamini. Alitufundisha kumtazama mtu machoni, kusema hapana, kuongea bila kuomba radhi kwanza. Siku ya mwisho akatuambia nusu yetu tulale kama waliofariki, na nusu wapite mkeka kwa mkeka wakisema yale ambayo wangesema kwenye mazishi yetu. Alitaka kila mtu asikie akisifiwa angali hai.

Fundi mmoja wa pikipiki, ambaye hatukuwa tumeongea zaidi ya habari ya asubuhi, alipiga magoti karibu na kichwa changu. "Huyu alikuwa anasikiliza mpaka mtu amalize," akasema. Basi, akaenda kwa mwingine. Machozi yalinitiririka hadi masikioni. Maisha yangu yote kimya changu kimekuwa kitu ambacho watu wananiombea kipone.

Sitaki kudai kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Mwalimu yule alituomba tusisimulie nje yaliyotokea ukumbini, na hata siku hiyo ombi hilo lilinikaa vibaya. Pia alipenda sana kusema kwamba wanaotucheka wanatuogopa. Nimejiuliza mara nyingi kama mimi ndiye mtu rahisi wa kudanganywa anayezungumzwa kwenye habari. Najua tu kwamba mwandishi alikuwa amekaa nasi kama mwanafunzi, simu yake kwenye mfuko wa shati, na kwamba sauti ya yule fundi aliikata kwenye video.

Video ilirushwa wakati nchi nzima ilikuwa bado inazungumza juu ya wale waumini wa mhubiri mmoja waliofunga kula msituni, huko pwani, mpaka wakafa. Kwa hiyo hakuna aliyehitaji maelezo. Pale Migwani ilipita simu kwa simu kabla sijajua ipo. Mama alionyeshwa video hiyo kanisani, baada ya ibada. Kumwona mtoto wako amefunikwa shuka, macho yamefumbwa, hata kama umemwacha nyumbani akipika chai, ni jambo ambalo sikulifikiria kabisa nilipokuwa nalala pale. Kwetu mtu hajilazi kama maiti kwa mchezo.

Hakunigombeza. Alianza kutazama sahani yangu. Akipakua muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, alinijazia kuliko yeye, halafu alikaa mpaka nimalize. Mimi ni mwembamba tangu kuzaliwa. Nilikula kama mtu anayetoa ushahidi, na kadiri nilivyohisi natazamwa ndivyo chakula kilivyokataa kushuka, naye akaona hilo pia.

Kwenye kioski cha maji wanawake waliacha kuongea nilipofika. Mmoja wao, jirani yetu wa chini, mcheshi, akasema, "Mpisheni Lazaro achote. Huyo ametoka kaburini." Wakacheka, nami nikacheka kidogo, kisha njia nzima ya kurudi nikajilaumu kwa kucheka.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichokuwa kizito ni mitaro. Baba alishafariki, na shamba letu liko kwenye mteremko. Mvua iliyopita ilikuwa imebomoa mitaro ya kuzuia maji, na mvua ya Oktoba ilikuwa karibu. Watu wawili hawawezi kuichimba upya. Ndiyo maana kuna mwethya, kikundi cha majirani kinachozunguka shamba kwa shamba, leo kwako, kesho kwangu. Mama alikuwa amechimba kwa kila mmoja wao. Zamu yake ilipofika, mwenyekiti wa kikundi, mama mzee tunayemheshimu, alikuja akakaa, akakataa chai, akasema zamu imesogezwa mbele kidogo. Mama akauliza kidogo ni lini. Mwenyekiti akasema wenzake wanaona vigumu kupiga jembe kwenye boma ambalo mtu amejilaza akingoja kufa. Kama ningekubali kusimama kanisani niombewe na kuikana dini ile, wangekuja hata kesho yake.

Alipoondoka mama alisema, "Kubali tu. Maombi hayaumi."

Nilijaribu kumweleza kwamba haikuwa dini. Kama ningesimama kuikana, ningekuwa nimetoa ushahidi dhidi ya watu ambao hawakunifanyia ubaya. Nilipoona maneno yangu yanazidi kuwa ya chuo kikuu, nikamweleza tu tulivyolala, na alichosema yule fundi. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote.

Mama aliendelea kupeta maharagwe. "Hayo," akasema, "angekuambia ukiwa umeketi."

Nikaokota yaliyoanguka chini.

Niliwaza siku kadhaa. Nilijiona nimesimama mbele ya kanisa, mkono wa mchungaji kichwani, jirani yule akitafuta dalili kwamba kitu kimenitoka. Nilijiona pia nimekataa, mvua ikibeba udongo wa mama hadi mtoni. Mwishowe nikamwambia mama naweza kutoka bomani niende kwa mama mdogo, kule Ikutha, mpaka uchimbaji uishe. Nilitegemea apinge. Aliingia ndani kunitafutia begi.

Ikutha kuna joto. Mama mdogo ana mbuzi wengi na maswali machache. Alinipa kitanda, akanionyesha wanakokunywa maji mbuzi, akaniachia siku nzima. Nilikuwa naongea na wanyama kuliko watu, na niliongea nao bila kuomba radhi kwanza. Siku ambayo mama alisema huenda wana mwethya watakuja kuchimba, nilishindwa kungoja. Nilimpigia.

Nyuma ya sauti yake nilisikia majembe, na wimbo, na wanawake wengi wakicheka kwa pamoja. Walikuwa wamekuja. Nilifurahi kabisa, kwa muda mfupi, kabla sijaanza kufikiri. Kisha nikamsikia jirani wa chini akiuliza kwa Kikamba ni nani huyo kwenye simu.

"Ni mtu amekosea namba," mama akamjibu.

Nikasikia hatua zake zikisogea mbali na wenzake. Akashusha sauti. "Mtaro wa juu wameshamaliza. Umekula?"

Nikamwambia nimekula.

"Kula tena," akasema, akakata.

Mvua ilipofika alinipigia yeye mwenyewe kuniambia kwamba mitaro imeshika maji yote, hakuna udongo ulioondoka. Aliongea juu ya mvua kwa muda mrefu. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Hakuniambia nirudi, nami sikuuliza.