Siku Tata Alipokataa Ng'ombe Mnadani

Kila nikimenya kitunguu jikoni kwangu hapa Mugumu, harufu yake ikinipanda puani, nacheka peke yangu mpaka wanangu wanaulizana kama mama yao ni mzima. Acheni nicheke. Kitunguu ndicho kilichonifundisha kuigiza.

Nilikuwa darasa la saba, kwetu Nyarero, na kikundi chetu cha maigizo kiliongozwa na Mwalimu Robhi, mama wa kwaya mwenye sauti ya kuamsha kijiji kizima. Tulifanya mazoezi nyuma ya kanisa, kati ya matofali ambayo hayakuwahi kujengewa kitu. Mchezo ulikuwa wa baba anayepokea ng'ombe wa mahari na kumtoa binti yake shuleni, mpaka mwenyekiti wa kijiji anakuja kumwokoa. Binti, ambaye mchezoni aliitwa Neema, nilikuwa mimi, Bhoke. Kazi yangu kubwa ilikuwa kulia, ndiyo maana nikaficha kipande cha kitunguu kwenye pindo la kanga. Bwana harusi alikuwa Juma, mchimba dhahabu kutoka Singida, kijana mpole kupita kiasi. Nafasi ya baba wanaume wote waliikimbia. Nani anataka kuchekwa mbele ya watu? Mwisho akajitolea tata, yaani baba yangu mzazi.

Tata alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kichwa chake kilishika kila kitu. Haukupita muda alijua maneno yake, yangu, ya Juma, hata ya mwenyekiti. Nikikwama tukiwa tunapalilia mihogo, alinikumbusha bila kuinua kichwa.

Sasa nikuambie jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua wakati ule. Baba mkubwa, kaka yake tata, alikuwa ameshazungumza na familia moja ya kule Nyanungu. Nikimaliza mtihani tu niolewe, na ng'ombe watakaotolewa kwangu, mwanawe wa kiume awatumie kuoa. Tata hakutaka kabisa. Lakini angesema nini? Ng'ombe aliowatoa kumwoa mama walitoka kwenye zizi la kaka yake huyo huyo, na kwetu mdogo hambishii mkubwa ndani ya nyumba. Mama alikuja kuniambia kwamba siku zile tata alikaa na chakula mbele yake mpaka kinapoa.

Siku ya mchezo uwanja wa mnada ulijaa. Mwalimu Robhi alitaka ng'ombe wa kweli, na baba mkubwa akakubali kuazimisha wake. Hakujali mchezo ulihusu nini, alitaka tu mifugo yake ionekane. Hapo ndipo tulipokosea, maana Mkurya hatazami ng'ombe kama mchezo. Walipoingizwa tu, wazee waliokaa mbele wakasimama. Mmoja akamfungua dume mdomo, atazame meno. Mwingine akapaza sauti, "We mura, we kijana, huyu mwenye jicho bovu mrudishe!" Maskini Juma wa watu, ndani ya koti la kuazima, akaanza kuomba radhi kwa ajili ya ng'ombe asiowajua. Nyuma ya pazia la shuka Mwalimu Robhi alikuwa akinong'ona, "Endeleeni! Endeleeni!" Nikaminya kitunguu changu, machozi yakaanza kunilenga, nikamsubiri tata aseme, "Nimepokea."

Tata alisubiri mpaka wazee wakaketi tena. Hakumtazama Juma. Aligeukia pale alipokaa baba mkubwa.

"Ng'ombe hawa ni wazuri," akasema. "Warudi kwao. Bhoke anasoma. Nimesema mbele yenu, wazee, na mbele ya ng'ombe."

Weee! Watu wakaangua kicheko, akina mama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akagonga fimbo chini, "Tumesikia." Baba mkubwa hakucheka. Neno lililosemwa mbele ya wazee na ng'ombe, hakuna anayelirudisha nyumbani kulijadili upya, naye alilijua hilo kuliko sisi wote. Akanyanyuka, akaswaga ng'ombe wake. Mchezo ukafia pale pale, mwenyekiti wetu bado yuko nyuma ya shuka na tai shingoni.

Na mimi? Nililia kweli, kwa hasira. Njia nzima nilimsema tata. Ameharibu mchezo, hata jina amekosea, kulia kwenyewe sijalia, na kesho shule nzima itanicheka. Jamani, nilimsema mzee wa watu kana kwamba yeye ndiye mtoto! Yeye akatembea taratibu, kofia mkononi.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nilisahau maneno."

Nikamwamini. Nilikuwa sekondari tayari, nimerudi likizo, mama aliponieleza habari za Nyanungu, nikatoka nje nikakaa peke yangu, moyo umejaa. Mtu aliyeshika maneno ya mchezo mzima alikuwa amekubali kusemwa na mtoto kwamba ni msahaulifu, ili mtoto huyo alale bila hofu. Nami nililala fofofo.

Hata leo, kila nikienda Nyarero kumshukuru, tata ananitazama kwa upole na kusema hakumbuki mchezo wowote.