Nani Alikufundisha?

Wanaume wa msikiti wetu hapa Kisumu humkumbuka Bi Zaituni Adero kuwa mama hodari wa kupika pilau ya Maulidi. Wakianza hivyo mbele yangu, mimi huondoka, maana nikibaki nitawavunjia heshima.

Mimi nilisoma kwake. Mwaka 1983 chuo chake kilikuwa mkeka mmoja barazani pa nyumba ya kupanga, Migosi, nasi wasichana tulifika mikono ikinuka samaki tuliotoka kuwaosha nyumbani. Alitufunza Kurani na maana yake. Alituambia zamani wanaume wazima walimwendea Bibi Aisha, mke wa Mtume, kuuliza dini, wala hawakuona aibu. Na desturi ni kwamba anayehitimu ataje mwalimu wake mbele ya watu, kisha mwalimu wa mwalimu wake, mpaka afike mbali. Bi Zaituni alipotaja wake, majina yote yalikuwa ya wanawake.

Hawa Nabwire, binti wa muuza vitenge wa Kondele, alitupita sote. Mwaka 1987 ikapatikana nafasi moja katika chuo cha dini huko pwani. Kamati ya msikiti ikasema haitampeleka msichana ambaye kati ya walimu wake hamna mwanamume hata mmoja, tutachekwa, wakasema. Wakataka amtaje mwenyekiti wao, Maalim Ogola, ambaye hakuwahi kumfunza hata alifu.

Hawa alikataa, akalia. Bi Zaituni mwenyewe ndiye aliyemkalisha mkekani.

“Nyathina,” alimwambia, kwa Kijaluo chake cha kumwita mtu mwanangu, “sema ni Ogola alikufunza. Wewe enda usome. Ukirudi mkubwa, utasema ukweli.”

Nilimkasirikia siku ile, na hasira haijaniisha. Hawa akamtaja Ogola, akaenda. Ogola naye aliivaa sifa ile kama koti la mtumba, baada ya muda akasahau kwamba hakushonewa yeye.

Hawa alirudi mwaka 1995, sasa Ustadha, akapewa darasa la matofali lenye madawati. Bi Zaituni akampelekea mjukuu wake, Apiyo, akangoja. Hawa alimletea sukari, alimwita Mama, alimpa kila heshima. Kuhusu ule ukweli alisema kamati itaudhika na darasa litafungwa, basi tuvute subira kidogo. Subira yavuta heri, lakini heri ile ilikuwa ya nani?

Siku ya Apiyo kuhitimu, wanawake tuliketi nyuma ya pazia. Sheikh mgeni akauliza swali la desturi: nani alikufundisha?

“Nimesoma kwa Ustadha Hawa,” Apiyo akajibu kwa sauti safi, kama alivyokaririshwa, “naye amesoma kwa Maalim Ogola.”

Upande wa wanaume ukaitikia mashallah. Nilimgeukia Bi Zaituni, nikitamani aseme neno, hata tusi. Alijifunga leso kiunoni, akainuka, akaenda kupakua pilau.